Inaria Ndani

Mama yangu alinunua mahindi kwa sikio. Wafanyabiashara wengine wa soko la Ndalu waliuma punje kwa meno, wengine walizamisha mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko wakitafuta joto. Yeye alichota mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili tunaopimia nafaka, akaufunika kwa kiganja, akauinua hadi sikioni na kuutikisa mara tatu. Kisha alinyamaza. Mwenye mahindi naye alinyamaza, maana hukumu ilikuwa njiani na haikuwa na rufaa. Mahindi makavu hulia kwa sauti nyembamba, kama changarawe. Mabichi hutoa sauti nzito ya chinichini, hata kama kwa macho yanang'aa na kupendeza.

"Hii bado," alikuwa akisema. "Hairii. Anika siku mbili, urudi."

Hakusema "hailii". Kwetu Bungoma, l na r hubadilishana viti bila kuombana ruhusa, na mama alikuwa wa kwetu kabisa. Mimi ulimi wangu niliusafisha shuleni, mara nyingine kwa hiari na mara nyingine kwa kiboko, hadi nikapata alama ya juu kabisa ya Kiswahili na kuitwa chuo kikuu kusomea ualimu wa lugha hiyohiyo. Tangu nilipopata matokeo, nilikaa pale nyumbani kama polisi wa matamshi. Mama akiomba "karamu" ili aandike hesabu ya magunia, nilimwambia karamu ni sherehe, anachotaka ni kalamu. Alicheka na kusema, "Haya, nipe hiyo sherehe niandike." Siku hizo bado alikuwa anacheka.

Barua ya chuo ilikuja na orodha ya vitu vya kubeba: godoro, ndoo, shuka mbili, na chini kabisa kompyuta ya kubebeka, "ikiwezekana". Mama alitaka nimsomee mstari huo mara mbili.

"Ikiwezekana ndiyo nini?"

"Maana yake ukikosa utaandika kazi zako kwa simu, na ukipofuka ni shauri yako."

"Basi itawezekana," akasema.

Kwa wiki tatu nililala na kuamka na laptopu kichwani. Nilisoma kwenye simu maoni ya watu nisiowajua, nikaandika karatasi nzima: prosesa iwe ya namna gani, RAM isipungue ngapi, betri ikae saa ngapi. Mpya hatukuweza. Tungenunua eks-yukei, yaani iliyotumika maofisini huko ng'ambo ikachoka kidogo ndipo ikaletwa kwetu, kama nguo za mitumba. Jikoni nilimweleza mama mambo hayo huku akichambua maharagwe. RAM, nilimwambia, ni kama meza: ikiwa kubwa unatandaza kazi nyingi kwa wakati mmoja. Diski ni ghala, mahali pa kuweka kila kitu.

"Na ghara ikishika moto," akauliza bila kuinua macho, "mahindi unatoa kwa mrango gani?"

"Haishiki moto, mama."

"Ghara yote inaweza kushika moto."

Nilivuta pumzi ya mtu anayeonewa. Leo ningependa kumpata yule msichana nimtingishe mabega.

Tulikwenda Kitale siku ya Jumatatu, soko la Ndalu likiwa limelala. Duka lilikuwa ghorofani, juu ya agroveti, na harufu ya dawa za mifugo ilipanda ngazi pamoja nasi. Mama alikuwa amevaa lile rinda lake la kanisani. Muuzaji alikuwa kijana wa shati safi na maneno mengi, na kwenye benchi walikaa vijana wengine wawili waliokuwa wakingoja simu zao zibadilishwe vioo.

"Karibu mathe, karibu siz. Mnatafuta gani?"

"Tunatafuta rapitopu ya chuo," mama akasema. "Isiwe ghari."

Mmoja wa wale wa kwenye benchi alitazama viatu vyake na kutabasamu. Nilimwona.

Muuzaji akaweka mbili juu ya kaunta, bei zao zikiwa zinakaribiana. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nene, nzito, pembe zimekwaruzika, na mgongoni bado kulikuwa na kibandiko cha ofisi ya watu fulani. Ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba, safi, unaweza kudhani ni daftari. Kuhusu ile nyeusi, muuzaji alisema ina diski ya kawaida, hata mtu mwenyewe anaweza kuichomoa kwa bisibisi. Ile ya fedha ilikuwa ya kisasa, kila kitu kimeshikanishwa humohumo kwenye bodi, hakuna cha kuchomoa.

Mama alinigeukia. "Hiyo nyeusi ghara yake iko na mrango," akasema kwa furaha ndogo, kama mtu aliyeelewa somo.

Lazima niseme ukweli hapa, maana nimeuficha muda mrefu. Ile karatasi yangu, iliyokuwa mfukoni, ilikubaliana na mama. Nyeusi ilikuwa na RAM zaidi na prosesa bora. Kwa kila kitu nilichokuwa nimekiandika kwa wiki tatu, nyeusi ilishinda. Lakini nilikuwa nimeshajiona tayari ndani ya ukumbi wa mihadhara nikiwa nimefungua ile ya fedha, na wasichana waliosoma shule kubwa wakinitazama wasijue natoka Ndalu. Sikuitoa karatasi mfukoni.

Ndipo mama alipoinua ile nyeusi kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, akaitikisa mara tatu. Kimya. Akaiweka chini. Akachukua ile ya fedha, akaitikisa vilevile, na akanyamaza kama alivyonyamaza mbele ya magunia maisha yake yote. Duka zima likanyamaza naye, ila huku kulikuwa kunyamaza kwa watu wanaozuia kicheko.

"Hii inaria ndani," akasema. "Kuna kitu kinatembea."

"Ati inaria!" Muuzaji alipiga kaunta kofi. "Mathe, hiyo si gorogoro ya mahindi bana! Hiyo ni feni tu."

Wale wa kwenye benchi waliangua kicheko. Na mimi nikacheka. Hakuna aliyenilazimisha. Nilicheka kwa sauti, ili wale vijana wajue kwamba mimi niko upande wao, kwamba yule mama wa rinda la kanisani na mimi tumeingia pamoja kwa bahati mbaya. Kisha, kana kwamba hiyo haikutosha, nikamrekebisha.

"Inalia, mama. Si inaria. Na ni feni, umeambiwa."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliiteremsha ile mashine polepole hadi kwenye kaunta, kama mtu anayelaza mtoto, akapangusa kwa kanga alama za vidole vyake.

"Haya," akasema. "Wewe ndio umesoma."

Miaka imepita na nimeipima sentensi hiyo kwa kila kipimo nilichofundishwa. Haina l wala r hata moja. Aliitamka bila kosa.

Tukanunua ile ya fedha.

Tangu siku hiyo hakulitamka tena neno laptopu. Ilichukua muda kabla sijagundua. Alisema "ile mashine yako", au "ile kitu ya chuo". Akinipigia simu aliuliza kama ile mashine yako iko sawa, na mimi nikajibu iko sawa. Mbele yangu alianza kuongea kwa uangalifu, akizunguka baadhi ya maneno kama mtu anayeruka madimbwi. Siku moja nilimsikia akimwambia jirani wa ng'ambo ya ua, "Huyo akirudi mimi naongea kidogo tu. Yeye ni wa Kiswahiri." Jirani akacheka. Mama hakucheka.

Mashine yenyewe ilifanya kazi, nisiisingizie. Nilipoinamisha begi, kilisikika kitu kidogo kikiteleza, tik, kutoka kona moja hadi nyingine. Mwezi wa kwanza nilikisikia kila siku. Baadaye sikio langu likazoea, nikajiambia ni feni.

Mwaka wa pili tulipewa kazi ya isimu: kila mmoja amrekodi msemaji wa Kiswahili wa kwao, kisha aonyeshe jinsi lugha ya kwanza inavyoathiri matamshi yake. Wenzangu walilalamika watampata wapi mtu. Mimi nilifurahi, kwa sababu data yangu ilikuwa nyumbani ikianika mahindi.

Nilifika Ndalu likizo, nikamketisha mama kwenye kiti cha plastiki chini ya ukingo wa bati, nikaweka simu juu ya gorogoro iliyopinduliwa. Nilimwomba aniambie jinsi anavyojua mahindi makavu. Alianza kwa kile Kiswahili chake kipya, cha kuruka madimbwi, akitulia kabla ya kila l kama mtu anayevuka barabara. Sikupata makosa ya kutosha. Nikasimamisha rekodi.

"Mama, si hivyo. Ongea vile huwa unaongea siku zote."

Aliniangalia. "Ile mbaya?"

Na mimi, mwanafunzi wa ualimu, nikajibu, "Ndiyo, ile."

Basi akaongea. Baada ya dakika chache alinisahau, akasahau na simu. Aliongea kwa dakika arobaini. Alieleza mahindi ya Kitale na mahindi ya huku, kwa nini ya mlimani yana sauti tofauti, jinsi mama yake mwenyewe alivyomfundisha kusikiliza akiwa bado mdogo, na jinsi siku ya kwanza aliyonunua gunia bichi alivyolia mpaka mama yake akamwambia achote tena, asikilize tena. Mvua ilianza kugonga bati kidogo ikaacha. Kuku alipita akisema yake. Mwishoni mama alijiinamia karibu na simu.

"Mayi," akasema. Ndivyo alivyoniita, neno letu la mama, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake. "Mayi, sasa hiyo imeshika sauti yangu?"

"Imeshika, mama."

"Haitapotea?"

"Itapotelea wapi?"

Usiku huohuo, kabla sijarudi chuoni, niliihamishia ile rekodi kwenye laptopu na kuifuta kwenye simu, kwa kuwa simu ilikuwa imejaa picha zangu. Nilizibakiza picha. Kwenye karatasi niliyompa mhadhiri niliandika "mzungumzaji: mwanamke, mfanyabiashara wa nafaka". Sikuandika mama. Nilichora jedwali la safu mbili: kushoto alichosema, kulia alichopaswa kusema. Ghara, ghala. Karamu, kalamu. Yanaria, yanalia. Mhadhiri alinipa alama nzuri, na pembeni akaandika kwa kalamu nyekundu, "Data safi."

Muhula uliofuata presha ilimwangusha mama sokoni akiwa anampimia mtu maharagwe. Walimpeleka hospitali ya misheni kule Lugulu, na nilipofika nilimkuta kitanda cha dirishani, upande mmoja wa uso umelegea. Wauguzi walimtunza kwa upole, nawashukuru hadi leo. Lakini ulimi ulikuwa umekataa. Alijaribu kuniambia jambo na kilichotoka hakikuwa l wala r wala herufi yoyote. Nilimwinamia nikaweka sikio langu mdomoni pake, nikamwomba, "Sema tu vyovyote, mama, sema vyovyote vile." Nilimaanisha. Sijawahi kumaanisha jambo zaidi ya hilo. Alinibana vidole kwa mkono uliobaki na nguvu, akafumba macho. Siku ya nne akatuacha.

Baada ya mazishi sikuifungua ile rekodi. Nilijua iko, na kujua kwamba iko kulinitosha. Nilitembea nayo mgongoni, Ndalu hadi chuoni, chuoni hadi chumba nilichopanga Bungoma mjini, na kila nilipoinama nilisikia tik, nikaona ni sawa tu, mama yumo humo. Nilijiwekea kwamba nitaisikiliza nikiwa na nguvu. Nilikuwa mchoyo wa ile sauti, nikiogopa kuitumia ikaisha.

Mchana mmoja wa Jumapili nguvu ikaja. Nilifunga mlango, nikakaa kitandani, nikaifungua laptopu mapajani. Mwanga ukawaka. Nikasogeza mapaja nikae vizuri. Tik. Kisha kikasikika kitu kama kiberiti kinachowashwa, skrini ikazimika, na harufu ya plastiki iliyoungua ikanijia puani. Nilibonyeza kitufe. Nilikibonyeza tena. Nilikaa nikikibonyeza mpaka kidole kikauma.

Kesho yake nilimpelekea fundi aliye karibu na msikiti, mzee wa makamo ambaye watu wa Bungoma humsifu kwa mikono yake na kwa Kiswahili chake, maana wazazi wake walikuja huku kutoka pwani. Alinisikiliza, akaniambia anakwenda kuswali adhuhuri, nirudi baadaye. Sikwenda popote. Niliketi kwenye ngazi ya duka lake mpaka akarudi.

Akaifungua mgongo kwa bisibisi ndogo, polepole. Alipoinua kile kifuniko cha fedha, kitu kidogo kiliviringika juu ya meza yake, kikasimama kando ya kikombe cha chai. Kilikuwa skrubu, ndogo kuliko punje ya wimbi, nyeusi, ncha yake imeungua.

"Huyu ndiye mchawi wako," akasema. "Kuna mtu aliifungua hii zamani akasahau kuirudisha. Imekuwa ikizunguka humu miaka yote, hadi imegusa mahali pabaya."

"Nilidhani ni feni."

Alinitazama kwa mshangao. "Hizi nyembamba hazina feni, dada. Hazina kabisa."

Nikamuuliza kuhusu vilivyomo ndani. Nilimwambia kuna faili moja tu ninayoitaka, dakika arobaini, hayo mengine yote yaende. Aliigeuza bodi chini ya taa, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi kipande cheusi cha mraba, na doa la kuungua lililopita katikati yake.

"Ingekuwa na diski ya kuchomoa, kama zile nene za zamani, ningeichomoa sasa hivi nikakupa vitu vyako vyote. Hii kumbukumbu yake imeshikanishwa hapahapa kwenye bodi, na hapahapa ndipo palipoungua." Akaiweka bodi chini. "Pole sana. Ilikuwa kazi ya chuo?"

"Ilikuwa sauti ya mama yangu," nikasema. "Amefariki."

Akaiondoa miwani yake. Machozi yalinitoka palepale mbele ya meza yake, na sikuyafuta, kwa sababu nilichobaki nacho ni kile kijedwali cha safu mbili, maneno yake yaliyokatwa mojamoja kutoka katika sentensi zake, na mbele ya kila moja sahihisho langu.

Fundi aliichukua ile skrubu kwa vidole viwili, akaiweka katika kiganja changu.

"Lakini dada, kitu kama hiki hupiga kelele," akasema kwa upole. "Siku mlipoinunua, hamkusikia?"

"Mama alisikia."

"Akasemaje?"

"Akasema inaria ndani."

"Inalia," fundi akanirekebisha, bila ubaya wowote.

"Hapana, fundi," nikamwambia. "Inaria."